Uzi: Pesa za skuli kwa hesabu ya vichwa zaziua skuli ndogo za kule ndani (Kinango, Ganze, Magarini)

Mkaazi_Changamwe (mwenye uzi)

Assalam aleikum, na habari zenu nyote. Kila matokeo ya mitihani yakitoka sisi watu wa Pwani twarudi kwa maneno yale yale, wazazi hawajali, disco matanga (zile ngoma za usiku kwenye misiba), mimba, boda, watoto wapenda pesa za haraka. Yapo hayo, siyakatai. Lakini mimi niko kwenye bodi ya skuli moja ya msingi kule kwetu Kinango, naishi hapa Changamwe lakini mikutano naenda, na nikikaa na yale makaratasi ya hesabu naona jambo ambalo watu hawalizungumzi. Pesa ni kidogo, hilo twalijua sote. Lakini kubwa zaidi ni kuwa zahesabiwa kwa kichwa cha mtoto na basi, na hesabu hiyo yaumiza skuli ndogo ya mashambani hata mwalimu mkuu akiwa mtu safi namna gani.

Sikizeni. Primary serikali yatoa 1,420 kwa mtoto kwa mwaka. Ilianza 1,020 wakati Kibaki alipoleta elimu ya bure 2003, kwa hivyo mjue kupanda kwake ni kupanda gani ukilinganisha na bei ya unga ya 2003 na ya leo. Sasa chukua skuli ya watoto 180, na kule kwetu hiyo ni skuli ya kawaida kabisa manake vijiji viko mbali mbali na mtoto wa gredi ya kwanza huwezi kumtembeza kilomita kumi kwenda na kumi kurudi, kwa hivyo skuli lazima ziwe karibu na zikiwa karibu lazima ziwe ndogo. 180 mara 1,420 ni 255,600. Mwaka mzima hiyo. Tena yaja kwa mafungu, nusu muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili, 20 wa tatu, na hapo ni ikija kwa wakati.

Haya, mlinzi wa usiku lazima awepo, vitabu vya serikali vikiibiwa nani atajibu? Mlipe hata 6,000 kwa mwezi, mtu mzima huyo anayekesha, ni 72,000 kwa mwaka. Zaidi ya robo ishaenda na hata chaki hujanunua. Sasa njoo skuli ya mjini ya watoto 1,500, wao wapata 2,130,000, na mlinzi ni yule yule mmoja, tuseme wawili. Geti moja. Mita ya stima moja. Gharama za kufungua mlango asubuhi hazifuati idadi ya watoto lakini pesa zafuata idadi ya watoto. Hapo ndipo skuli ndogo inapofia.

Ofisi ya mwalimu mkuu wetu kuna karatasi la manila limebandikwa ukutani, hesabu za muhula kwa kalamu ya rangi, mzazi yeyote akiingia asome. Pesa iliyoingia, mistari ya matumizi, mlinzi, maji, karatasi za mitihani, matengenezo ya choo. Mstari wa matengenezo ya choo umeandikwa jina lake na mbele hakuna kitu, muhula baada ya muhula. Hajaiba mtu. Hakuna cha kuiba pale.

Kijana_wa_Likoni

Ndugu yangu nakuelewa lakini usitufanye sisi wa mjini kama twaogelea kwa pesa. Huku Likoni kuna skuli darasa moja watoto wamefika tisini, wengine wakalia matofali, mwalimu hawezi hata kupita katikati kusahihisha madaftari. Hio milioni mbili unayoisema ni watoto 1,500 wanaotumia vyoo, wanaovunja madawati, wanaohitaji karatasi za mtihani. Mkitaka kutoa kwetu mpeleke Kinango mtakuwa mmetibu jicho moja mkatoboa jingine.

Mkaazi_Changamwe

Kaka sijasema mpunguziwe hata shilingi, soma vizuri. Nasema kila skuli ipewe kwanza pesa za kuendesha skuli, kiwango kimoja, iwe na watoto 80 au 2,000, halafu juu yake ndio tuhesabu vichwa. Mjini mtabaki na zenu za vichwa na hicho kianzio mtapata pia.

Na si wazo langu. Ile kamati ya rais ya kuangalia elimu, ile ya Profesa Raphael Munavu, ripoti yao ya 2023 ilisema jambo hili hili, kwamba kuwe na kifurushi cha chini kwa kila taasisi cha kukidhi gharama zisizobadilika, na wakasema ile 1,420 ipandishwe iwe 2,238. Watu walishika yale ya JSS (sekondari ya chini, gredi ya saba mpaka ya tisa) kukaa primary ndio wakajadili wiki nzima, hili la kifurushi likapita kimya kimya. Tena hiyo 2,238 peke yake bila kianzio haitoshi, ile skuli ya watoto 180 itapata 402,840, ni afadhali, lakini bado mlinzi atakula karibu sehemu moja kwa tano.

Ticha_wa_Samburu

Samburu ya Kwale, msije mkanipeleka kwengine. Mimi ni mwalimu wa JSS na nataka niongeze upande wa walimu manake pesa za kapitesheni, hizi za kichwa cha mtoto, ni nusu ya hadithi. Mshahara wa mwalimu wa TSC (tume ya kuajiri walimu) haumo kwenye hizo 1,420, serikali yalipa kando, kwa hivyo mtu aweza kudhani hapo mashambani na mjini tuko sawa. Hatuko sawa. Skuli ndogo yapewa walimu kwa idadi ya watoto na madarasa, wakikosa watatu huwezi kuwajaza, bodi ndio yaajiri mtu kutoka kijijini, kijana aliyemaliza fomu four, alipwe elfu tano au sita. Na hiyo elfu tano yatoka wapi? Kwa zile zile pesa za mlinzi.

Upande wa JSS ndio usiseme. Mimi nilianza kama interni (mwalimu wa mafunzo kazini), 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, mwalimu wa hesabu na fizikia, na kwa sababu tulikuwa wawili tu ilibidi nifundishe pia kilimo na masomo ya dini. Mwenzangu alikuwa yuakaa Mariakani, kila asubuhi boda kwenda na kurudi, ukitoa nauli na chakula hakubaki na kitu, na nyumba za walimu hapo skuli hakuna. Alipopata nafasi ya kuondoka aliondoka. Utamlaumu? Watoto wakakaa karibu muhula mzima bila sayansi na mwisho wa mwaka wakakaa mtihani ule ule anaokaa mtoto wa Nyali.

Hesabu_Kwanza

Mimi nafanya kazi ya uhasibu, si ya serikali, ila nimesaidia skuli kadhaa kuweka vitabu vyao sawa. Mwenye uzi umesema kweli lakini nina swali. JSS sasa iko ndani ya primary na kila mtoto wa JSS yuaja na 15,042. Skuli yenye watoto 60 wa gredi ya saba mpaka ya tisa yapata 902,520. Hizo si pesa ndogo. Kwa nini mlinzi asilipwe hapo?

Mkaazi_Changamwe

Swali zuri. Kwa sababu akaunti ni tofauti na kila fungu limepangiwa kazi yake, na mwalimu mkuu akichukua pesa za JSS akazitia kwa matumizi ya primary mkaguzi akija atamuandikia. Baadhi yao wafanya hivyo kwa nia njema kabisa halafu wanaitwa wezi. Tena hizo 15,042 zinatakiwa zifanye mambo mengi, vifaa vya maabara ambapo maabara yenyewe hakuna, kompyuta ambapo stima yakatika, matengenezo, na kadhalika. Na ikiwa zaja nusu nusu utapanga nini?

Hesabu_Kwanza

Hapo kwa nusu nusu ndio nilitaka tufike. Watu wajue, kiwango kilichoandikwa na kinachofika ni vitu viwili. Sekondari za day kiwango ni 22,244 tangu 2018. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi alienda mbele ya kamati ya elimu ya bunge akasema wazi serikali haiwezi kumudu hiyo, kinachowezekana ni kama 16,900. Kulikuwa na kelele nyingi baada ya hapo lakini walimu wakuu hawakushangaa, walikuwa wanaiona kwenye akaunti zao kabla yeye hajaisema. Sekondari ya day ya wanafunzi 150, tofauti hiyo ni 801,600 kwa mwaka. Skuli kubwa yaweza kumkopa mwenye duka la mahindi akangoja, yajulikana, ina jina. Skuli ndogo ya ndani mwenye duka ashawakopesha mara mbili na hajalipwa, ya tatu hatoi.

Na Mkaguzi Mkuu Nancy Gathungu ripoti yake ya ukaguzi maalum ilionyesha kwa miaka minne skuli zilipunjwa zaidi ya bilioni 100, na wakati huo huo kuna pesa zilienda kwa skuli ambazo hazipo. Sasa unganisha na alivyosema mwenye uzi. Ukilipa kwa kichwa, kila mtu atatafuta vichwa. Mwalimu mkuu mwenye watoto 140 anayejua kwa 140 hawezi kuendesha skuli atashawishika kuandika 190. Sijamtetea, ni kosa. Lakini mfumo wenyewe wamsukuma huko, na akishikwa watoto wale 140 wa kweli ndio watakaoteseka.

Bi_Mkubwa_Jomvu

Wanangu mmeongea hesabu nyingi, mimi nataka kusema la cheti cha kuzaliwa. Mtoto asiye na cheti hakuingia kwenye ule mtambo wa NEMIS, rejista ya serikali ya wanafunzi, na asiyeingia kwenye NEMIS hakuwa na pesa yake. Kule ndani watoto wangapi wamezaliwa nyumbani, mama hana kitambulisho, baba hajulikani aliko? Mjukuu wa ndugu yangu alikaa darasani miaka na miaka, yuasoma, yuafanya mitihani ya kawaida, lakini kwa serikali hayuko. Pesa za wenzake ndio zimsomesha. Skuli ya mjini wakiwa wawili watatu hawaonekani, skuli ndogo wakiwa ishirini hilo ni pengo. Hilo mbona hamlitaji?

Mkaazi_Changamwe

Shikamoo bibi, ahsante sana, na hilo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwetu tulikuwa na watoto wa namna hiyo na tulichofanya ni kumuomba chifu aje siku ya mkutano wa wazazi pamoja na watu wa usajili, wazazi wakaja na kadi za kliniki, wengine wakasaidiwa. Lakini skuli haikupaswa kungoja hivyo ndio ihesabiwe. Kianzio kingekuwepo, mtoto asiye na cheti asingekuwa mzigo kwa mwenzake.

Mama_wa_Tudor

Nataka niulize kitu kimoja, mbona hamjagusa chakula. Mimi nimezaliwa Bamba, nimeolewa mjini. Miaka ile ya ukame kuanzia mwisho wa 2020, mvua zikakataa msimu baada ya msimu, nilikuwa nikienda nyumbani naona mwenyewe, skuli ikiwa na chakula watoto wamejaa, chakula kikiisha wiki hiyo hiyo nusu hawaji. Wameenda silanga (bwawa la maji ya mvua) kutafuta maji au wamefuata ng'ombe. Mtoto aliyebaki darasani amebeba mtungi wa lita tano asubuhi kwa sababu kila mtoto lazima aje na maji ya kupikia, mtungi ule ameutoa nyumbani ambako maji yenyewe hakuna, akifika jikoni maji yamiminwa kwenye pipa jina lake laandikwa, asiyekuja na maji hapati sahani. Mtoto wa miaka saba huyo. Halafu mwisho wa mwaka mwasema watu wa Ganze hawapendi elimu.

Mpango wa chakula cha skuli ulianza 1980 na WFP, shirika la chakula la dunia, baadae serikali ikaanza kuuchukua kidogo kidogo mpaka 2018 ukawa wake wote. Vizuri, nchi ijilishe. Lakini chakula chaja muhula umefika katikati, na pesa za kuni, chumvi, mpishi, kukitoa chakula stoo ya wilaya mpaka skuli, hizo mzazi ndio aambiwa. Mzazi ambaye hana.

Boda_Mikindani

Mimi nitasema langu kwa ufupi. Niliacha skuli fomu tatu kule Kaloleni kwa sababu ya pesa ya chakula cha mchana. Si karo, karo walisema bure. Chakula, rimedio (masomo ya ziada), pesa ya mitihani. Nilikuwa narudishwa nyumbani kila mara, mara ya mwisho nikaona aibu sikurudi. Stendi yetu hapa Mikindani kaa na hao vijana uwaulize mmoja mmoja, wengi ni hivyo hivyo, si kwamba walikuwa wajinga.

Hesabu_Kwanza

Pole ndugu. Na watu wajue kisheria walikukosea. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kifungu cha 29 chasema hakuna karo skuli ya umma, na mchango mwengine ukitozwa lazima uidhinishwe na waziri akishauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na hata ukiidhinishwa mtoto hafukuzwi kwa sababu hajaulipa. Imeandikwa kabisa. Mzazi wa mashambani hajaambiwa, na mwalimu mkuu anayeijua hana pesa ya kuifuata.

Mama_wa_Tudor

Na wasichana je. Hawa wadada wa kazi kwenye majumba yetu hapa Tudor, Nyali, Bamburi wametoka wapi? Waulizeni. Vitengeni, Samburu, Marafa. Wengine hawajafika hata gredi ya nane. Kwa hivyo yule anayesema haya ni mambo ya Kwale na Kilifi si ya Mombasa, yuko nyumbani kwako anakuoshea vyombo na umri wake ni wa kukaa darasani.

Kijana_wa_Likoni

Hilo limenigusa. Sawa. Lakini mbona kaunti haziingilii? Kwale si walikuwa na zile basari za kaunti, Elimu ni Sasa, mamilioni kila mwaka?

Ticha_wa_Samburu

Elimu ni Sasa ya wakati wa gavana Mvurya ilisaidia wengi, mimi nina wanafunzi wa jirani zangu waliofika chuo kikuu kwayo na sitaki mtu aidharau. Ila angalieni ilisaidia nani. Basari yampata mtoto aliyefaulu, aliyeitwa skuli kubwa ya bweni, mara nyingi nje ya kaunti. Yaani yamtoa mtoto mmoja hodari kwenye skuli mbovu, skuli yenyewe yabaki vile vile na wale 40 waliobaki. Tena akienda yeye hesabu ya skuli za day za karibu yapungua na pesa zapungua pia. Na kisheria kaunti kazi yake ya elimu ni chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, ndio maana Januari 2025 msimamizi wa bajeti alizizuia kaunti kutoa basari bila makubaliano na serikali kuu, ikawa ni kesi kortini wakati wazazi washalipa nauli kupeleka watoto.

CDF, ule mfuko wa maendeleo wa jimbo la mbunge, nayo yajenga madarasa, hilo nalisifu, mengi tuliyonayo ni ya CDF. Lakini darasa lina rangi na jina la mbunge, ndani hakuna mwalimu. Kujenga ni mara moja na mtu aja kukata utepe. Kulipa mlinzi, mpishi, maji, ni kila mwezi na hakuna wa kuja kupiga picha.

Kijana_wa_Likoni

Na hii Mfuko wa Usawazishaji? Si ni wa sehemu kama hizo?

Hesabu_Kwanza

Katiba kifungu cha 204, nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa ajili ya sehemu zilizoachwa nyuma. Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta zote zilikuwa kwenye orodha ya kwanza ya kaunti 14. Lakini ukisoma kilichotajwa ni maji, barabara, afya na stima. Skuli haikutajwa. Aweza mtu kusema maji yafike skuli, stima ifike skuli, na hapo kuna mlango mdogo. Tangi la maji skulini na ile mitungi ya lita tano aliyoisema dada yaisha. Hilo mtu wa Ganze aweza kulidai hata leo.

Mkaazi_Changamwe

Hapo ndipo nataka tufanye kitu, si kuandika tu. Makadirio ya bajeti ya serikali kuu yafika bungeni kabla ya 30 Aprili na kamati zinasikiza maoni ya wananchi baada ya hapo. Kapitesheni ni pesa ya serikali kuu, kwa hivyo kelele za kwenye ofisi ya gavana kwa jambo hili hazitufikishi. Nataka tuandike barua moja ya kamati ya elimu ya bunge, fupi, yenye dai moja, kila skuli ya umma ipewe kianzio kabla ya vichwa kuhesabiwa, kama ile ripoti ya 2023 ilivyopendekeza. Tusichanganye na disco matanga wala siasa za nani ni nani. Na iandikwe Kiswahili, bunge lakubali Kiswahili, ili mzee wa bodi kule Kinango aweke sahihi kitu anachokielewa.

Ninachohitaji ni skuli zaidi ya yangu. Waliomo kwenye bodi au wenye jamaa huko, Kinango, Lungalunga, Ganze, Kaloleni, Magarini, hata zile za Mwakirunge hapa hapa Mombasa ambazo watu wasahau kuwa ziko, nitumieni kando mambo manne. Idadi ya watoto waliomo darasani, idadi iliyolipiwa, pesa iliyoingia muhula uliopita na tarehe iliyoingia, na mlinzi na mpishi walipwa ngapi. Majina ya walimu wakuu msiandike, sitaki mtu ahamishwe kwa sababu yetu.

Ticha_wa_Samburu

Nitakutumia za kwetu na za skuli mbili za jirani. Tarehe ndio iweke juu kabisa. Wabunge wajua kiwango, hawajui zafika wiki ya ngapi.

Bi_Mkubwa_Jomvu

Na safu ya watoto wasio na vyeti usiisahau mwanangu, waandikwe nao.

Mkaazi_Changamwe

Nimeiongeza bibi, sasa ni mambo matano. Boda wa Mikindani na wewe nakuomba, ukipata vijana hapo stendi wako tayari kusema waliacha darasa gani na kwa mchango gani, hata bila majina, nipe. Naweza kuja stendi mwenyewe jioni.

Boda_Mikindani

Njoo baada ya magharibi, wakati huo wengi wamerudi. Ulizia stendi ya karibu na msikiti.